Jinsi ya Kuzuru Maporomoko ya Kalambo na Makazi ya Kale Yaliyo Kando Yake kwa Msafiri Anayetoka Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka tu kuona maji yakiporomoka hana haja ya kusafiri mbali. Msitu wa Karura una maporomoko yake, Thika ina ya Mto Chania na ya Mto Thika, na karibu na Kilimambogo Mto Athi unateremka kwa mikondo kumi na minne, ingawa maji yake siku hizi hubeba povu na takataka ambazo sisi wenyewe tumeziteremsha kutoka mjini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kuyaona hayo na ambaye sasa anataka safari ndefu zaidi, ya kwenda Kalambo, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, ambako Mto Kalambo unaanguka ukielekea Ziwa Tanganyika, na ambako juu kidogo ya mporomoko huo kuna mahali palipokaliwa na watu, pakaachwa, pakakaliwa tena, tangu zama ambazo binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea.

Vipimo vinavyotajwa vya maporomoko hayo hutofautiana kati ya mita 221 na mita 235. Hata ukichukua kile kidogo, jengo la Britam pale Upper Hill, lenye mita 200, lingesimama chini yake na kilele chake kisifike ukingoni. Maji hayashuki ngazi kwa ngazi kama yafanyavyo kwingineko, bali huanguka kwa mkupuo mmoja hadi chini ya korongo. Wageni wengi hupiga picha hapo, wakageuza gari, wakarudi walikotoka. Kwa maoni yangu hiyo ni safari iliyokatizwa katikati, kwa sababu kinachoyafanya maporomoko hayo yawe jinsi yalivyo ndicho hicho hicho kilichowaweka watu pale na kikayahifadhi mabaki yao.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya kufika kwenye mporomoko, mto hupita katika bonde pana lililo tambarare. Mwamba mgumu wa ukingoni huyazuia maji yasichimbe bonde hilo kwa haraka, na kwa hiyo mto hujikunja huku na huku, ukibwaga mchanga, kokoto na udongo wa mfinyanzi, na kuiacha ardhi ya pembeni ikiwa na unyevu mwaka mzima. Mti uliofukiwa katika udongo uliojaa maji haupati hewa, na wadudu na kuvu wanaoozesha miti hawawezi kufanya kazi yao pasipo hewa. Mahali pengi barani, watu wa Zama za Mawe wametuachia mawe na pengine mifupa, kwa kuwa miti yao imekwisha kuoza. Kalambo imehifadhi mawe na miti pamoja.

Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alipafikia mahali hapo mwaka wa 1953, akarudi mara kadhaa kuchimba katika miaka ya 1950 na 1960, na akakuta zana za mawe pamoja na vipande vya miti ambavyo hakuweza kuvijulia umri wake wa hakika, kwa sababu kipimo cha kaboni kilichokuwapo hakifiki nyuma zaidi ya miaka 50,000 hivi. Mwaka wa 2019 kikundi kilichoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilichimba tena, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2023: magogo mawili yaliyopishana, lile la juu likiwa limechongwa pengo ili likae barabara juu ya lile la chini, na alama za zana za mawe zikiwa bado zinaonekana kwenye mti. Mchanga ulioyafunika magogo hayo ulipimwa kwa njia inayoonyesha ni lini chembe zake ziliona jua kwa mara ya mwisho, na ikapatikana miaka isiyopungua 476,000. Mabaki ya kale zaidi yanayokubalika ya binadamu wa aina yetu, yaliyofukuliwa Moroko, yana miaka 300,000 hivi. Waliochonga magogo hayo, basi, walikuwa jamaa wa wazee wetu, na hawakuwa sisi.

Watafiti hawakudai kwamba hiyo ilikuwa nyumba. Huenda ilikuwa jukwaa la kukalia penye majimaji, au njia ya kupitia, au msingi wa kitu kilichosimama juu yake. Msafiri akikutana na mtu anayemwahidi kumwonyesha kijiji cha miaka nusu milioni, na amsikilize kwa adabu bila kumlipa zaidi ya wengine.

Kuzoeza macho kabla ya kuondoka

Maandalizi yaliyo muhimu kuliko yote hufanyika karibu na nyumbani, kwenye eneo la Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Magadi. Pita Ongata Rongai na Kiserian, panda hadi Corner Baridi, kisha teremka katika Bonde la Ufa. Toka alfajiri, kwa kuwa ifikapo saa sita mchana joto la kule chini humfanya mtu aharakishe kurudi garini badala ya kutazama. Mahali hapo pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na mwongozaji wa pale huwatembeza wageni kwa miguu.

Mwanajiolojia J. W. Gregory aliziona zana za pale mwaka wa 1919, na Mary na Louis Leakey wakaanza kuchimba katika miaka ya 1940. Walichofanya kwa busara ni kuacha sehemu ya zana hizo pale pale zilipolala, wakajenga daraja la mbao juu yake ili mgeni apite bila kukanyaga. Ukisimama juu ya daraja hilo utaona mamia ya mashoka ya mkono yametapakaa chini yako, mengine makubwa kuliko kiganja, na hapo ndipo pa kufanyia mazoezi.

Anza na umbo. Shoka la mkono lina ncha upande mmoja na upana upande wa pili, na likitazamwa kwa ubavu huwa jembamba kwenye kingo na nene katikati. Halafu angalia makovu. Jiwe lililopasuka lenyewe kwa jua au kwa kubingirika mtoni huvunjika ovyo, lakini jiwe lililogongwa na mtu lina makovu yanayofuatana, yakianzia ukingoni na kuelekea ndani, na mara nyingi yako pande zote mbili. Mwishowe tafuta vile vipande vidogo vilivyobanduliwa wakati wa kuchonga. Uso wa ndani wa kipande kama hicho huwa laini, na karibu kabisa na mahali kilipopigwa huwa na kivimbe kidogo ambacho kidole hukihisi kabla ya jicho kukiona. Mwombe mwongozaji akupe kimoja kati ya vile anavyotumia kufundishia, ukipapase, kisha umwombe jiwe la kawaida ulinganishe. Mtu asiyefanya zoezi hili ataona kokoto tu atakapofika Kalambo, na wala hatakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyezaliwa akijua kuyasoma mawe.

Ukipata nafasi nyingine, pitia Makumbusho ya Nairobi kule Museum Hill ili upange vizuri kichwani mwako nani alitangulia nani. Kijana wa Turkana, ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka wa 1984 karibu na Ziwa Turkana, aliishi zaidi ya miaka milioni moja kabla ya wachongaji wa Kalambo. Ukiwa na alama hizo mbili, ya Turkana na ya Moroko, utajua Kalambo inaangukia wapi.

Stakabadhi, chanjo na fedha

Beba pasipoti. Mkenya haombi viza ya kuingia Tanzania wala Zambia kwa ziara fupi, lakini anatakiwa kugongewa muhuri kila anapotoka na kila anapoingia. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa na hudumu maisha yote. Usingoje kukitafuta kituo cha mpakani. Malaria ni suala la kuchukulia kwa uzito: mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya maana, na kandokando ya Ziwa Tanganyika mbu ni wengi, kwa hiyo mwone daktari akuandikie dawa za kuzuia na ubebe chandarua.

Anayekwenda kwa gari lake atahitaji kitabu cha gari, au barua ya mwenye gari ikiwa si lake, kibali cha muda cha forodha, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inakubalika Tanzania na Zambia. Nchini Tanzania kikomo cha mwendo ndani ya vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa barabarani wana kipimo mkononi na subira nyingi. Dereva aliyezoea kukimbia kwenye barabara ya Thika atajifunza haraka, na kwa gharama yake.

Malipo ya taasisi za serikali ya Tanzania, pamoja na viingilio vya hifadhi, hufanywa kwa namba maalumu ya malipo anayopewa mgeni, ambayo huilipia kwa simu au benki. Kwa hiyo kuwa na laini ya Tanzania yenye salio, ambayo husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Upande wa Zambia uwe na kwacha taslimu, noti ndogo.

Wakati wa kwenda

Mvua za ukanda huo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mwezi wa Machi mto umejaa na maporomoko yana nguvu zake zote, lakini barabara za udongo huwa tope. Septemba na Oktoba barabara ni kavu, ila maji yamepungua na kubaki utepe mwembamba unaopeperushwa na upepo. Ningemshauri mtu aende mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, wakati njia zimekauka na mto bado una maji ya kutosha. Kiangazi kina faida yake nyingine: kuta za korongo hutagiwa na ndege aina ya marabu, wale wale wenye vipara tunaowaona wakiwa wamesimama juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo. Huku mjini tunawajua kwa jalala. Kule wanaruka chini ya miguu ya mtazamaji, mbawa zimekunjuliwa kikamilifu, wakizunguka juu ya hewa inayopanda kutoka bondeni, na mtu anaweza kuwatazama migongo yao kwa muda mrefu bila kuchoka. Beba darubini.

Njia

Umbali wote ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo safari hii haiingii katika wikendi hata ile yenye sikukuu. Kwa mabasi, toka Nairobi kupitia Namanga hadi Arusha, kisha Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga. Mabasi mengi ya masafa marefu nchini Tanzania huondoka alfajiri sana, hivyo kata tiketi jana yake na ulale karibu na stendi. Ningepumzika Dodoma na Mbeya. Mwenye haraka na fedha anaweza kuruka kwa ndege hadi Dar es Salaam na kutoka hapo hadi uwanja wa Songwe ulio karibu na Mbeya, akabaki na sehemu ya mwisho tu ya kwenda kwa barabara.

Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, na usiku wa Juni ni baridi kama wa Limuru, kwa hiyo koti lisiachwe nyumbani kwa kisingizio kwamba Tanzania ni joto. Kuna mizaha mingi Tanzania nzima kuhusu uchawi wa Sumbawanga. Mgeni mstaarabu haianzishi, na akiisikia kwa mwenyeji hucheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Malazi na chakula havina shida. Samaki wa Ziwa Tanganyika, hasa migebuka na dagaa, ndio wa kuagiza.

Kutoka Sumbawanga kuna barabara ya lami hadi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, inayoendelea hadi bandari ya Kasanga ziwani. Maporomoko yako nje ya barabara hiyo, upande wa kijiji cha Kapozwa, na kipande hicho cha mwisho ni cha vumbi. Asiye na gari hukodi gari dogo au bodaboda pale Matai, na ni vyema apatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, kwa sababu bodaboda aliyeondoka huko haitwi kwa urahisi.

Neno moja kuhusu mazungumzo. Nairobi tumezoea kufika na kuuliza moja kwa moja: njia iko wapi, ni pesa ngapi. Katika vijiji vya mkoa huu wa Rukwa swali kama hilo, likitangulia salamu, huonekana kama amri. Mkute mzee amekaa nje ya nyumba, simama, sema, "Shikamoo, mzee." Atajibu, "Marahaba, mwanangu, karibu." Muulize habari za nyumbani, jibu na wewe habari za safari, kisha ndipo uulize njia. Dakika hizo mbili huokoa saa nzima ya kupotea, maana mzee aliyesalimiwa vizuri huita kijana wa kukusindikiza.

Upande wa Tanzania

Eneo la upande huu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Jiandikishe, lipia, na uonyeshe pasipoti, kwa kuwa viwango hutofautiana kulingana na uraia. Kuna mahali pa kutazamia juu na ngazi zinazoteremka kwenye ukuta wa korongo. Kabla ya kuanza kushuka, jipime: kila ngazi utakayoshuka utaipanda, jua likiwa limekwisha kuwaka. Vaa viatu vyenye kushika, beba maji ya kunywa, na usivitegemee vizuizi popote karibu na ukingo, kwa maana miamba iliyoloweshwa na mvuke wa maporomoko huteleza kama iliyopakwa mafuta. Watoto washikwe mkono muda wote.

Kutoka upande huu utayaona maporomoko vizuri. Makazi ya kale hutayafikia, kwa sababu yako upande wa Zambia, juu ya mto. Wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa haba, kuna wanaoshawishika kuruka kutoka jiwe hadi jiwe ili wavuke. Usifanye hivyo. Mto huo ndio mpaka wa nchi mbili, na kuuvuka pasipo muhuri ni kosa la uhamiaji, mbali na hatari ya kuteleza hatua chache tu kutoka ukingoni. Wala usiogelee katika sehemu ya juu ya mporomoko, hata panapoonekana pametulia.

Upande wa Zambia

Njia halali ni kurudi Matai na kuelekea kituo cha mpaka cha Kasesya, ambacho kwa upande wa pili huitwa Zombe, kisha kwenda Mbala. Fika mpakani asubuhi. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Kutoka Mbala hadi kwenye maporomoko barabara ni mbaya, na gari lililoinuka ndilo litakalofika bila lawama, hasa ikiwa mvua zimechelewa kukatika.

Makazi ya kale na maporomoko yenyewe ni urithi wa taifa unaosimamiwa na Tume ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi ya Zambia. Andika barua kwa Tume hiyo wiki kadhaa kabla, ueleze kwamba ungependa kufika kwenye bonde la juu na si maporomoko peke yake, na uombe mtu wa kukuongoza. Mgeni anayejitokeza tu getini ataonyeshwa maporomoko, na hakuna wa kumlaumu.

Sasa, ufikapo, fuata mpangilio huu ambao ni kinyume cha ule wa kawaida: anza na bonde, na maporomoko yawe ya mwisho.

Usitarajie kuta wala misikiti kama ya Gedi. Mashimo ya uchimbaji hufukiwa kila baada ya kazi ili kulinda kilichobaki, na miti iliyopatikana hutolewa na kuhifadhiwa, kwa kuwa ingeachwa hewani ingesinyaa na kupasuka. Utakachokiona ni majani, mto unaojikunja, na kingo zilizokatwa wima na maji. Ni kingo hizo zinazofaa kutazamwa kwa makini. Tafuta mahali ambapo ukuta wa udongo uko wazi, simama hatua kadhaa mbali nao kwa sababu hubomoka, na uzisome tabaka kutoka chini kwenda juu: kokoto zilizobebwa na mafuriko, mchanga wa maji ya kasi, udongo mzito wa rangi ya kijivu uliotuama wakati maji yalipolala. Kila badiliko la rangi ni badiliko la tabia ya mto. Angalia pia unyevu. Hata katikati ya kiangazi, sehemu ya chini ya ukuta huwa nyeusi kwa maji yanayochuruzika, na ni katika udongo wa namna hiyo kwamba magogo yale yalidumu.

Jiulize, ukiwa pale, kwa nini mtu akae hapa. Maji hayakauki. Mawe ya kuchonga yako mtoni. Miti iko karibu, na wanyama huja kunywa. Kuna vifaa vingine vya miti vilivyopatikana ambavyo ni vya baadaye zaidi, vya kati ya miaka 390,000 na 324,000 hivi, miongoni mwao kabari na fimbo ya kuchimbia, ishara kwamba watu waliparudia mahali hapa tena na tena kwa muda ambao historia yote iliyoandikwa ni kipande chake kidogo sana. Na baada ya hao walikuja wakulima na wafua chuma, kuanzia karne ya 4 baada ya Kristo hivi, wakaacha vyungu vyenye mapambo na mabaki ya chuma katika tabaka za juu. Vigae vyao ndivyo ambavyo mgeni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuviona baada ya mvua kuosha ardhi, na ni rahisi kuvipita kwa kudhani ni vya chungu kilichovunjika juzi.

Baada ya hapo fuata mto kuelekea chini ukiwa na mwongozaji wako. Bonde linabanwa, mwamba unaanza kuonekana sakafuni mwa mto, na maji yaliyokuwa yakijivuta yanaongeza mwendo. Ukifika karibu na ukingo, geuka kwanza utazame ulikotoka. Kutoka hapo utaona jinsi kizingiti hiki kimoja cha mwamba kinavyoishikilia ardhi yote tambarare iliyo nyuma yako. Ndipo uyatazame maporomoko, kwa muda wowote upendao.

Wakati wa kurudi, tenga nusu siku kwa ajili ya Mbala. Jumba la makumbusho la Moto Moto lina mkusanyiko mzuri wa vyombo vya jamii za kaskazini mwa Zambia. Mji huo, ambao zamani uliitwa Abercorn, ndipo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani aliposalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918, na kumaliza Afrika Mashariki vita ile iliyoupa mtaa wetu wa Kariokor jina lake.

Mawe ni ya kuachwa

Nimeliweka jambo hili mwishoni kwa sababu litakusumbua zaidi baada ya macho yako kuzoea. Mtu aliyefanya zoezi la Olorgesailie ataona zana Kalambo, na mkono wake utaziendea. Sheria za Zambia na za Tanzania zinakataza kuokota mabaki ya kale, hata kipande kidogo, na forodha ya Kasesya ina haki ya kufungua begi lako. Ila sababu iliyo nzito zaidi ya sheria ni kwamba jiwe lililoondolewa mahali pake halimwambii mtafiti tena lilikuwa katika tabaka gani, na pasipo tabaka hakuna umri. Ukiliona jiwe unalolishuku, usiligeuze. Weka sarafu kando yake ili ukubwa wake ujulikane, lipige picha kwa juu na kwa ubavu, piga na picha nyingine ya mbali inayoonyesha ukingo wa mto au mti ulio karibu, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu yako, kisha mwonyeshe mwongozaji na umtumie nakala ya picha hizo ili azifikishe kwa Tume. Droni zisirushwe upande wowote bila kibali cha maandishi, kwa sababu ni eneo la mpaka.